Kikombe Juu ya Kitufe Chekundu

Taasisi ya shemeji ilikuwa na chumba kimoja, projekta moja na mashine moja. Kati ya vitu hivyo, ni projekta peke yake iliyofanya kazi. Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, hivyo masomo ya kujiamini yalitolewa katika harufu ya mpira mpya. Mlangoni palikuwa na bango lililosema kwamba hapo vijana huandaliwa kwa ajira na makosa ya kazini huzuiwa kabla hayajatokea. Shemeji alijiita Mkurugenzi. Kabla ya hapo aliendesha semina za ufugaji wa kware, na kabla ya kware alikuwa akiuza mitungi ya kuchujia maji nyumba kwa nyumba. Biashara zote mbili zilikufa, moja pamoja na kware wenyewe. Alibaki na ulimi na koti moja la suti, akaona vinatosha kumfundishia mtu kazi.

Dada wa mkewe hakuona hivyo. Yeye alikuwa msimamizi wa ukumbi wa pasi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali. Alikuwa na stashahada ya mitambo, na hakuwa na desturi ya kuificha. Wafanyakazi walimwita Mvuke, kwa sababu alimfikia mtu bila kishindo na akishamfikia alimuunguza. Jina hilo alilijua, nalo lilimpendeza.

Kwenye taasisi alifika mara moja tu, siku ya mahafali, baada ya kubembelezwa na mdogo wake. Aliketi mstari wa mbele, mkoba mapajani, na kutazama walichojifunza vijana. Walijifunza kukamata mkono wa mwajiri bila kuuponda wala kuulegeza. Walijifunza kuketi bila kuegemea, na kutabasamu bila kuonyesha fizi. Walijifunza kugonga mlango, kurudi hatua moja nyuma na kusubiri. Kila zoezi lilionyeshwa kwanza na binti wa Mkurugenzi mwenyewe, mtoto wake wa kwanza, ambaye kwa ajili hiyo wanafunzi walimpachika jina la Mfano. Alisimama kando ya projekta akiwa amebana mikono, na baba yake alimwelekezea kijiti kama mtu anayeonyesha mito kwenye ramani. Bega liko hivi. Kidevu kiko hivi. Mfano, geuka. Binti aligeuka. Mvuke, aliyembeba mgongoni mtoto huyo alipokuwa bado hajaota meno, alitazama pembeni.

Baada ya vyeti aliomba kuonyeshwa mashine. Ilikuwa mashine ndogo ya kupigia pasi mashuka, ya zamani, iliyotupwa na hoteli iliyonunua mpya. Rola zake zilizunguka, ingawa hazikupata moto. Ubavuni, mahali penye kitufe chekundu cha kusimamishia mashine, palikuwa na kikombe cha plastiki cha buluu kilichofunikwa kifudifudi na kubandikwa kwa gundi ya karatasi pande zote.

"Hiki nini?" Mvuke aliuliza.

"Kikombe."

"Naona ni kikombe, shemeji. Kinafanya nini hapo?"

Mkurugenzi alimweleza bila haya yoyote. Vijana walipenda mno kubonyeza. Kila walipobonyeza, umeme wa chumba kizima ulikatika, projekta ikazimika, na projekta ile ikizimika huchukua muda mrefu kuamka. Somo liliharibika. Ndipo akafunika kitufe na kuwaambia kwamba atakayekigusa atarudia kozi yote.

"Na mashine ikimshika mtu?"

"Haishiki hii. Haina moto."

"Ya kwangu inao."

"Basi anatoa taarifa kwa msimamizi. Liko kwenye mada ya mawasiliano." Alihesabu kwa vidole. "Anakwenda ofisini, anagonga, anasubiri kukaribishwa, anasalimia, anaeleza tatizo kwa utulivu. Waajiri wanataka watu watulivu, shemeji."

Mvuke alicheka mpaka nyumbani. Kesho yake aliwasimulia wakunjaji wa mashuka wakati wa chai, akaigiza kila kitu, kijiti na kidevu na kikombe, na wakunjaji walicheka hadi mmoja akamwagikiwa. Tangu siku hiyo, mtu aliyefanya jambo la kipumbavu ukumbini aliambiwa avae kikombe.

Kicheko hicho kingeishia hapo kama Meneja wa kiwanda hangekutana na Mkurugenzi kwenye harusi ya mtu. Meneja alikuwa mtu aliyevutiwa na kitu chochote chenye mhuri. Aliambiwa kwamba wahitimu wa taasisi wanakuja kazini wakiwa tayari wamefundishwa usalama, na vyeti vinathibitisha. Aliporudi alitangaza kwamba kiwanda kitapokea wahitimu wawili kwa wiki moja ya majaribio, na wakifaa wataajiriwa, na taasisi itakuwa ikileta wengine. Halafu akaongeza kwamba, kwa kuwa vijana hao wamekwisha kufundishwa, yale mafunzo ya siku za mwanzo ambayo Mvuke huwapa wageni wote hayana haja tena. Wapelekwe moja kwa moja kwenye mashine.

Mvuke alikuwa na haki ya kukataa. Alikuwa na sababu, alikuwa na cheo, na alikuwa na mdomo usiojua kunyamaza. Alinyamaza. Alifikiri kwamba wiki moja inatosha kwa kazi mbovu ya shemeji kuonekana mbele ya kila mtu, na kwamba hakuna sababu ya yeye kuirekebisha ili mwingine asifiwe. Siku ya Ijumaa Mkurugenzi angekuja kusikiliza matokeo. Mvuke alianza kutunga sentensi za siku hiyo tangu Jumapili, akiwa anachambua mchele.

Wahitimu waliofika Jumatatu walikuwa Mfano na kijana mmoja mrefu aliyevaa shati jeupe na tai nyekundu yenye nembo ya taasisi. Kabla hajafika kwenye mashine wakunjaji walikwisha kumbatiza jina la Bwana Harusi.

"Bibi harusi yuko wapi?" mkunjaji mnene alimwuliza.

"Sijaoa, mama."

"Tunaona. Ungeoa ungefunguliwa hiyo kamba."

Alitabasamu bila kuonyesha fizi. Alimpa kila mmoja mkono, wakiwemo waliokuwa wamebeba mashuka yenye maji, na kila mmoja alimwambia kwamba amefurahi kuwa sehemu ya timu. Baada ya kulisha mashuka machache alimwendea mkunjaji mnene na kumwomba maoni kuhusu utendaji wake. Mkunjaji alimwambia kwamba utendaji ni mzuri, ila shuka limeingia kinyume.

Mashine ya ukumbi ule haikuwa fumbo. Watu wawili husimama mbele yake, kila mmoja ameshika pembe ya shuka. Rola zenye moto hulimeza. Upande wa nyuma shuka hutoka likiwa kavu na limenyooka, na wakunjaji hulipokea. Rola hazijui tofauti ya kitambaa na mkono. Ndiyo maana kila ncha ya mashine ina kitufe chekundu, kipana kama kiganja, kilichowekwa mahali ambapo mtu anaweza kukipiga kwa kiwiko bila hata kutazama. Katika mafunzo yake ya zamani, Mvuke aliwabonyezesha wageni kitufe hicho mpaka wakachoka, na kitu cha kwanza alichowavua kilikuwa chochote kinachoning'inia: mkufu, bangili, mtandio, kamba ya utambulisho.

Tai aliiona. Aliiona asubuhi ya kwanza, ikining'inia juu ya meza ya kulishia na kuyumba kila kijana alipoinama. Alifungua mdomo. Halafu aliona namna ambavyo ingeonekana Ijumaa, nembo ya taasisi ikizunguka juu ya rola mbele ya macho ya mwenye nembo, na akaona ni ushahidi mzuri kuliko sentensi zake zote. Akamwambia kijana aichomeke ndani ya shati, basi. Bwana Harusi alishukuru na kuichomeka. Kufikia saa ya chai ilikuwa nje tena.

Jioni hiyo Mfano alimsubiri kwenye kituo cha basi. Hakutabasamu. Alisema moja kwa moja, kama mtoto wa nyumbani.

"Mama mkubwa, nikishindwa hapa narudi kule."

"Kule wapi?"

"Kwa baba. Nisimame mbele ya watu nionyeshwe kwa kijiti. Leo bega, kesho kidevu. Kuna mwanafunzi juzi ameniuliza kama mimi nalipwa au ni sehemu ya vifaa." Alitazama basi lililokuwa likija. "Hii ndiyo kazi niliyoitafuta. Usinirudishe."

Mvuke alimjibu kwamba harudishwi mtu aliyefanya kazi vizuri. Lilikuwa jibu la haki na halikuwa na msaada wowote. Alipanda basi akimwacha binti pale pale, mikono imebanwa kama alivyofundishwa.

Wiki iliendelea namna hiyo. Mfano alijifunza haraka kwa kutazama, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha. Alishika kasi ya rola, akajua kunyoosha pindo kabla halijamezwa, akajua shuka la hospitali ni zito kuliko la hoteli. Bwana Harusi alijifunza polepole na kwa adabu. Wote wawili walipata zoea moja ambalo wakunjaji hawakuchoka kulicheka: kila kitu walikipeleka ofisini. Shuka likitoboka, mmoja alikwenda kugonga mlango wa Mvuke. Taa ikiungua, aligonga. Sabuni ikimwagika sakafuni waliizunguka wote wawili kwa uangalifu, na mmoja akaenda kugonga. Aligonga mara tatu, akarudi hatua moja nyuma, akasubiri. Akiingia alisalimia, akaomba radhi kwa usumbufu, ndipo akasema sabuni imemwagika. Siku ya Jumatano Mvuke alianza kuwasubirisha. Alisikia kugonga, akamaliza chai yake taratibu, ndipo akaita. Ilikuwa starehe ndogo, na aliona amestahili.

Ijumaa Mkurugenzi alifika akiwa amevaa koti lile lile. Alipitia ukumbini kwanza, akapunga mkono kwa mbali, akapiga picha kwa simu. Katika picha hizo, zilizosambaa baadaye, mtu anaweza kuona tai ya Bwana Harusi ikiwa nje ya shati. Mkurugenzi hakuona hatari. Aliona nembo. Kisha akaingia ofisini kwa Mvuke, chumba cha mbao mwishoni mwa ukumbi, chenye mlango mzito wa kuzuia kelele na dirisha moja lililotazama uani. Meneja alikuwa bado yuko kwenye boila na angekuja baada ya muda.

Mkurugenzi aliketi bila kuegemea. Alieleza mipango yake. Alitaka kuleta vijana kila mwezi, alitaka picha ya binti yake kwenye mashine iwekwe kwenye bango jipya, na alikuwa akifikiria kununua projekta ya pili. Mvuke alimwacha aseme. Sentensi zake zilikuwa tayari, zimepangwa kama mashuka kwenye rafu, na alitaka Meneja awepo kabla hajaanza kuzitoa.

Mlango uligongwa. Mara tatu, kwa nafasi sawa.

Mkurugenzi aliinua kidole na uso wake ukang'aa.

"Unasikia hiyo? Huyo ni wangu. Hapigi kama polisi, hakwaruzi kama paka. Sasa amerudi nyuma hatua moja, anasubiri."

"Najua," alisema Mvuke. "Nimekaa nao wiki nzima."

"Usimkaribishe kwanza. Angalia kama atarudia kabla ya wakati."

Mvuke angeweza kuita. Neno lenyewe ni fupi. Lakini alitaka shemeji aonyeshe upumbavu wake mpaka mwisho, bila kukatizwa, na shemeji alitaka kuonyesha ustadi wake mpaka mwisho, bila kukatizwa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane walikubaliana juu ya jambo. Waliketi wakitazama mlango. Upande wa pili wa mlango huo hakuna aliyegonga tena. Mwanafunzi alikuwa amefundishwa vizuri.

"Karibu," alisema Mkurugenzi hatimaye, kana kwamba ofisi ni yake.

Mfano aliingia. Alifunga mlango nyuma yake, kama inavyotakiwa. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini mikono ilikuwa imebanwa mahali pake na bega lilikuwa hivyo na kidevu kilikuwa hivyo.

"Shikamoo, mama mkubwa. Shikamoo, baba. Samahani kwa usumbufu. Naomba kutoa taarifa. Tai ya mwenzangu imeingia kwenye mashine."

"Imeingia na kutoka?" Mkurugenzi aliuliza.

"Bado yumo."

Mvuke hakumbuki kuzunguka meza. Alikuwa kwenye mlango, kisha alikuwa kwenye kelele na joto la ukumbi, kisha alimwona Bwana Harusi. Kijana alikuwa akilisha foronya, na foronya hulishwa katikati ya meza, mbali na ncha zote mbili. Alikuwa ameinama juu ya meza hadi kifua kimelala. Kiganja kimoja kilikuwa kimesukuma ukingo wa chuma wenye moto, kingine kilikuwa kimeshika meza, na kichwa chake kilikuwa kinakwenda kwenye rola kidogo kidogo, huku akikivuta nyuma kwa shingo tupu. Angeweza kuivua tai ile kichwani kama alivyoivaa kila asubuhi, lakini hakuwa na mkono wa tatu. Alikuwa amefungua mdomo na hakutoa sauti, au alitoa na mashine ikaifunika. Kwenye ncha, kitufe chekundu kilikuwa wazi, kipana, hakijafunikwa na kitu chochote, umbali wa kiwiko kutoka mahali alipokuwa akisimama Mfano.

Mvuke alikipiga kwa ngumi.

Lakini kabla ngumi haijafika, kitu kingine kilikuwa kimekatika. Tai za taasisi hazikuwa tai za kufunga. Zilikuwa zimeshonwa fundo tayari juu ya mpira mwembamba, zikinunuliwa kwa jumla mahali penye bei ya kutupa na kuuzwa kwa wanafunzi kama sare. Mpira ulikuwa umevutika wakati wote ambao Mfano alikuwa akitembea, akigonga, akisubiri na kusalimia. Sasa ukakatika, na Bwana Harusi akaanguka chali sakafuni kati ya foronya. Katika mambo yote aliyopewa na taasisi, ni ubovu wa mpira ule uliomfaa.

Rola zilizunguka nusu mzunguko zaidi na kusimama. Upande wa nyuma, wakunjaji, ambao mashine na mvuke viliwazuia wasione chochote, waliipokea tai ikiwa imenyooka kama kadi. Mkunjaji mnene aliishika kwa vidole viwili na kuuliza ni mgeni gani wa hoteli aliyelala na tai.

Kiganja cha Bwana Harusi kilikuwa kimeungua vibaya. Mvuke alikiweka chini ya bomba la maji baridi na kukishikilia hapo, kwa nguvu, kijana akitetemeka mwili mzima. Kidevuni alikuwa na alama nyekundu. Kitu cha kwanza alichosema kilikuwa kuomba radhi kwa kuharibu foronya.

Meneja alifika akipiga kelele kwamba mashine imesimama. Alipoelezwa, alipiga kelele juu ya hilo. Aliwaweka wote ofisini, isipokuwa kijana aliyepelekwa zahanati, na kusema kwamba jambo liko wazi: wahitimu wote wawili waondoke leo. Mmoja ameingiza tai kwenye mashine. Mwingine alikuwa amesimama kando ya kitufe na akaondoka.

Mkurugenzi alisimama. Alikubali haraka sana. Alisema kijana yule tangu mwanzo alikuwa mzito wa kuelewa, na kwamba vijana wa siku hizi unawapa kila kitu nao hawazingatii. Hata hivyo, alisema, Meneja asisahau kwamba taarifa imetolewa kwa utaratibu na kwa utulivu, jambo ambalo kwa upande wake ni mafanikio ya mafunzo. Kuhusu binti, hakuna shida. Atarudi nyumbani. Kuna darasa jipya linaanza na linahitaji mfano.

Mvuke alimtazama mtu huyo kwa dharau safi kabisa, isiyo na hata chembe ya hasira. Sasa ulikuwa wakati wa zile sentensi. Zilikuwa sentensi nzuri. Zilikuwa na kware ndani yake, na kikombe, na kijiti. Zingemmaliza mbele ya Meneja asinyanyuke tena. Alifungua mdomo, na Mfano akatangulia.

"Mama mkubwa, kitufe nilikiona." Hakuwa amebana mikono tena. Ilikuwa inaning'inia tu. "Nilikigusa kwa kiwiko nikageuka kuondoka. Kule tuliambiwa atakayekigusa atarudia yote. Nilijua ni cha nini. Lakini mkono ulikataa." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua: "Na wewe tai uliiona Jumatatu. Kwa nini hukumvua?"

Meneja aligeuza kichwa. Mkurugenzi pia. Mvuke alikuwa na majibu mengi. Alimwambia aichomeke. Meneja ndiye aliyefuta mafunzo. Shemeji ndiye aliyeuza tai. Yote yalikuwa kweli, na Mvuke aliyaona yote yamejipanga mbele yake, na yote yakamnuka kama harufu ya semina ya kware.

"Nilitaka baba yako aione," alisema.

Mkurugenzi alishusha macho kwenye kifua chake, kama aliyedhani na yeye amevaa tai.

Kisha Mvuke alimgeukia Meneja na kuzungumza kwa mpangilio, kama anavyozungumza siku zote. Kosa la kwanza limefanywa ghorofani juu ya duka la matairi, alisema, na mwenyewe yuko hapa akisubiri kupongezwa. Kosa la pili ni la aliyefuta mafunzo kwa kuona mhuri. Kosa la tatu ni la msimamizi wa ukumbi, ambaye aliijua hatari na kuitunza kwa wiki nzima kama kichekesho. Kama ni kufukuza, aanze na huyo wa tatu, kwa sababu yeye alijua. Wale wawili hawakujua, na hawakufundishwa na mtu yeyote katika chumba hiki. Wabaki. Watafundishwa kuanzia Jumatatu, na mashine itasimama kila itakapobidi.

Meneja aliuliza ni nani atakayebeba hasara ya mashine kusimama. Mvuke alimwambia abebe yeye, ana mabega. Ilichukua muda mrefu, na ilimgharimu Mvuke onyo la maandishi na macho ya Meneja kwa miezi kadhaa, lakini mwisho wake vijana walibaki.

Mkurugenzi aliondoka akiwa na huzuni ya kweli, kwa kuwa picha yake ya bango ilikuwa imepoteza mtu. Mlangoni alimwuliza binti yake kama ana hakika. Binti alisema anayo. Alimwuliza nani sasa atasimama mbele ya darasa. Mfano alimwambia asimame mwenyewe, ana kidevu. Mvuke aligeukia dirishani ili asicheke, na hakufanikiwa. Wiki mbili baadaye bango jipya lilitundikwa juu ya duka la matairi. Lilisema kwamba mhitimu wa taasisi alikabili ajali ya kiwandani kwa utulivu wa hali ya juu. Mdogo wake Mvuke alipiga simu kuuliza kama ni kweli, na Mvuke akamwambia kwamba maneno yote ni kweli, na kwamba hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Jumatatu iliyofuata ajali, asubuhi, kabla boila halijapata joto, Mvuke aliiwasha mashine bila kitu ndani yake. Bwana Harusi alisimama upande mmoja, mkono umefungwa bendeji, kola iko wazi, shingo inaonekana tupu na nyembamba kama ya mtu aliyenyolewa. Mfano alisimama kwenye ncha.

"Bonyeza," alisema Mvuke.

Mfano alitazama nyuma yake, kwenye mlango wa ofisi.

"Nibonyeze tu? Bila kumwambia mtu?"

"Bila kumwambia mtu."

Alikibonyeza kwa kidole kimoja, kama anayejaribu kama chai ni ya moto. Hakikuingia. Mvuke hakumcheka, ingawa kicheko kilikuwepo. Alimshika mkono, akakifungua kiganja, akakipiga kitufe nacho. Mashine ilinguruma na kusimama, na ukumbi ukawa kimya hivi kwamba walisikia maji yakidondoka kwenye mashine za kufulia chumba cha pili.

"Tena."

Aliiwasha, binti akaisimamisha. Kwa kiganja. Kwa kiwiko. Kwa kiuno, huku mikono ikiwa imebeba shuka. Bwana Harusi naye kwa mkono mzima, kisha kwa goti. Wakunjaji walikaa juu ya makapu wakitazama, na mkunjaji mnene akauliza kama leo ni kazi au ngoma, lakini baada ya muda naye alisimama akaomba azunguke aje apige, kwani miaka yote aliyokaa upande wa nyuma hakuwahi kukigusa.

Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa kishindo na Meneja akaingia, shati likiwa nusu ndani ya suruali.

"Nani anasimamisha mashine yangu?"

Mvuke alitia mikono mifukoni. Mfano alikuwa na kiganja juu ya kitufe. Bega halikuwa mahali pake, wala kidevu. Hakutoa shikamoo, na hakuomba radhi kwa usumbufu.

"Mimi," alisema, akakibonyeza tena.